Msome Mgeni Ukiwa Mwenyeji: Mbinu za Kusoma Riwaya ya Kale ya Safari

Katika riwaya za kale za safari na ujasiri kuna anayefika na kuna wanaokutwa. Anayefika ndiye anayesimulia. Ana bunduki, ana ramani chakavu, ana wapagazi, na macho yake yako kwenye hazina. Wanaokutwa husimuliwa tu: sura zao, mavazi yao, hofu zao, vita vyao. Msomaji wa Kiruruma, wilayani Karagwe, yuko upande wa waliokutwa. Bweranyange, ulipokuwa mji wa Mfalme Rumanika, ni kata ya wilaya hiyohiyo. Hapo John Hanning Speke na James Grant walipokewa Novemba 1861, na Henry Morton Stanley akafika 1876. Vitabu vya wasafiri hawa na wenzao ndivyo vilivyowazoesha wasomaji wa Ulaya hadithi za bara lisilojulikana, na riwaya zikafuata njia hiyo.

Maarufu kuliko zote kwa msomaji wa Kiswahili ni Mashimo ya Mfalme Sulemani. H. Rider Haggard aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1885, na Frederick Johnson akaifasiri kwa Kiswahili mwaka 1929. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki viliisoma shuleni, na nakala kuukuu bado zimo katika makabati ya walimu wastaafu. Inamhusu Allan Quatermain, mwindaji wa tembo, anayewaongoza Sir Henry Curtis na Kapteni Good kuvuka jangwa ili kumtafuta ndugu wa Curtis aliyepotea akifuata machimbo ya almasi.

Wapo wanaosema vitabu hivi vifungiwe kwa sababu vimejaa dharau. Wapo wanaovisoma kama zamani, bila swali. Mimi nashika ushauri wa wahenga: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kikaribishe kitabu, kikupe burudani yake yote, kisha kishikishe kazi. Hatua zifuatazo zinafaa kwa msomaji wa peke yake, kwa kikundi cha vijana na kwa darasa la sekondari.

1. Pata kitabu na uandae vifaa vyako

Anza kwa kuulizia tafsiri ya Kiswahili katika maktaba ya shule, parokiani na kwa walimu wa zamani. Ukiikosa, riwaya ya Kiingereza haina tena hakimiliki. Haggard alifariki mwaka 1925, na kitabu chake kinapatikana bure kwenye mtandao wa Project Gutenberg. Kipakue kwenye simu siku ukiwa mjini Kayanga au popote penye mtandao mzuri, kisha ukisome nyumbani bila kutumia bando. Hapohapo pakua na kitabu cha safari cha Speke cha mwaka 1863. Utakihitaji katika hatua ya tano.

Tafuta daftari moja, penseli na ramani ya Afrika, hata ile ya atlasi ya shule ya msingi. Kwa wanaosoma tafsiri ya 1929, kamusi ni lazima. Johnson ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 kusanifisha Kiswahili, na lugha yake ni ya wakati huo, yenye maneno mengi ya pwani ambayo huku bara hatuyatumii kila siku. Ukikutana na neno gumu lipigie mstari na uendelee. Ukisimama kwenye kila neno, kisa kitapoa kabla hujafika jangwani.

2. Siku mbili za kwanza: soma kwa raha

Toleo la Kiingereza lina sura 20. Ukisoma sura mbili kila jioni baada ya chakula, umemaliza kwa siku kumi. Katika mzunguko huu wa kwanza usiandike hoja yoyote. Fuata kisa. Ogopa pale maji yanapokwisha jangwani. Shangaa wanapoikuta maiti ya Mreno José da Silvestra imekaa ndani ya pango kwenye baridi kali ya mlima, karibu miaka mia tatu baada ya kuchora ramani yake kwa damu.

Haggard alikuwa fundi. Inasimuliwa kwamba aliiandika riwaya hii baada ya kubishana na kaka yake iwapo angeweza kuandika kitabu cha kukaribia Treasure Island cha Stevenson. Ufundi huo ujifunze. Tazama anavyokatisha sura msomaji akiwa na kiu ya kujua, na anavyotanguliza kitu kidogo ambacho baadaye kitaamua uhai wa mtu. Anayetaka kuandika hadithi atapata hapa masomo mengi, na hatayapata kama ameingia kitabuni kwa kununa.

Soma sura za mapambano kwa sauti, hasa mkiwa wengi. Msimuliaji mzuri katika kikundi apewe sauti ya Gagula, yule ajuza mwenye siri zote za machimbo, na wengine wagawane waliobaki. Sikio hushika mambo ambayo jicho huyapita, na mojawapo ni hili: baadhi ya watu wa msafara huu hawana mengi ya kusema. Hilo linatupeleka kwenye kazi.

3. Fungua daftari la majina

Hii ndiyo mbinu inayozaa zaidi, na mtoto wa darasa la sita anaiweza. Chora safu nne katika ukurasa: jina, kazi, anataka nini, mwisho wake. Kisha pitia kitabu upya ukimwandika kila mtu wa msafara na kila mwenyeji anayetajwa.

Ukurasa wako utaanza hivi. Khiva: kijana wa Kizulu, mtumishi. Anataka nini? Kitabu hakisemi. Mwisho wake: anauawa na tembo akimwokoa Kapteni Good. Ventvogel: hodari wa kufuata nyayo za wanyama. Anataka nini? Kitabu hakisemi. Mwisho wake: anakufa kwa baridi mlimani, na wenzake wanamwacha pangoni. Foulata: binti aliyeokolewa asichinjwe, anayemuuguza Good na kumpenda. Mwisho wake: anachomwa kisu na Gagula mlangoni mwa hazina. Umbopa: anajiunga kama mtumishi, kumbe ni Ignosi, mrithi halali wa kiti cha enzi cha Kukuana, nchi yenye machimbo. Anataka nchi yake, na anaipata.

Sasa teremka na kidole kwenye safu ya tatu. Wazungu watatu wana hamu zilizoelezwa kwa kurasa nyingi: ndugu, mali, heshima. Kati ya Waafrika wa msafara, ni Umbopa pekee aliyepewa hamu ya kwake mwenyewe, na ndiye pekee anayebaki akilini mwa msomaji kama mtu kamili. Hapo utakuwa umegundua kwa mkono wako kanuni ya uandishi huu: aliyenyimwa hamu hufa bila kuliliwa sana. Hakuna mwalimu aliyekwambia. Safu zako ndizo zilizokwambia.

4. Pima kisa kwa elimu uliyonayo

Riwaya za aina hii hupenda tukio moja: mgeni anatumia elimu yake kuwatisha wenyeji. Katika kitabu cha Haggard tukio hilo ni kupatwa. Kapteni Good anaangalia kalenda yake, anajua giza litaingia lini, na wageni wanadai kwamba wao ndio watakaolizima jua. Watu wa Kukuana wanatetemeka, na Foulata anapona.

Chukua somo lako la jiografia ulipime. Jua hupatwa wakati wa mwezi kuandama tu, mwezi unapopita kati ya jua na dunia. Mwezi hupatwa ukiwa mpevu. Haggard, katika toleo la kwanza, aliandika kupatwa kwa jua ilhali usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi mpevu ulikuwa uking'aa angani. Haiwezekani. Tena giza kamili la jua mahali pamoja halizidi dakika saba na nusu, naye alilirefusha mno. Katika matoleo ya baadaye alilibadilisha tukio likawa kupatwa kwa mwezi, ambako giza lake huweza kuzidi saa moja na nusu. Angalia nakala yako ni ya toleo gani. Mwalimu wa sayansi anaweza kulifanya hili kuwa kipindi kizima, akikumbusha kupatwa kwa jua kwa tarehe 1 Septemba 2016, watu walipokusanyika Rujewa, Mbeya, kulitazama jua likibaki pete.

Kisha uliza swali la mwenyeji: je, ni kweli watu wa bara hili walikuwa wakilitazama anga bila kufikiri? Jibu lipo Karagwe, katika hatua inayofuata.

5. Weka riwaya kando ya Karagwe ya kweli

Fungua kitabu cha Speke kwenye sura za Karagwe na uzisome ukiwa na riwaya mkononi. Speke si shahidi asiye na upande, lakini alikuwepo, na mara nyingi anaandika mambo yanayokwenda kinyume na majivuno yake mwenyewe.

Tazama nani anaamua. Katika riwaya, wageni wanaingia nchini na ndani ya siku chache wanamwangusha mfalme Twala na kumweka mwingine. Katika Karagwe ya 1861, Speke hakutoka Bweranyange mpaka njia ilipofunguliwa. Rumanika alituma habari kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, na mgeni akakaa akingoja. Wajumbe wa Buganda walipokuja Januari 1862, Speke aliruhusiwa kwenda. Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya cha mguu, aliachwa chini ya uangalizi wa mfalme hadi Aprili, kwa kuwa Buganda haikupokea wagonjwa. Wageni walikuwa na bunduki, lakini funguo za njia alikuwa nazo Rumanika.

Tazama nani anauliza. Speke mwenyewe anaandika kwamba Rumanika alikuwa na maswali mengi, miongoni mwake kama jua linalochomoza leo ni lilelile la jana. Hilo ni swali la mtu anayefikiri juu ya anga. Liweke kando ya Wakukuana waliopiga magoti kwa sababu ya kalenda ya Good, na utaona tofauti kati ya mfalme wa kweli na mfalme wa kubuniwa.

Tazama pia nani anatazamwa. Speke alimpima mmoja wa shemeji za mfalme kwa utepe, mikono, kifua na mapaja, na kuvichapisha vipimo hivyo kitabuni ili dunia ivisome. Mgeni aliyepokewa kwa adabu, akakaribishwa katika nyumba za ukoo wa kifalme, alilipa ukarimu ule kwa kumfanya mama wa watu kioja. Ukilisoma hili huku umeketi Karagwe, uchungu wake ni wa karibu, na ni haki yako kuusikia na kuusema darasani.

Mwisho tazama nani hakuandika. Aliyekuwa mkalimani na kiongozi wa watu wa msafara wa Speke ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India na kurudi Zanzibar. Alisafiri na Burton na Speke, kisha na Speke na Grant, kisha na Stanley alipomtafuta Livingstone, na baadaye na Cameron aliyelivuka bara kutoka mashariki hadi magharibi. Wachache sana katika karne ile walikuwa wametembea Afrika kuliko yeye. Mwandike kwenye daftari lako, na ujaze safu ya tatu kwa kadiri unavyoweza kuipata hamu yake katika kurasa za wengine.

6. Uliza: nani alijenga?

Karibu kila riwaya ya hazina ina jengo kubwa, barabara ya mawe au sanamu za kale. Ukifika hapo simama na uulize mwandishi anasema nani alivijenga. Haggard anadokeza kwamba barabara kuu na machimbo ni kazi ya watu wa nje wa zamani sana, Wafoinike au watu wa Sulemani, na kwamba wenyeji wanaishi tu kando ya kazi ya wengine.

Huo haukuwa ubunifu wa riwaya peke yake. Wazungu wengi walidai hivyohivyo kuhusu magofu ya Zimbabwe Kuu. Mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson aliyachimba mwaka 1929 na kuthibitisha kwamba ni kazi ya Waafrika wenyewe. Mwaka huohuo mmoja, tafsiri ya Mashimo ya Mfalme Sulemani iliwaletea wanafunzi wetu hadithi ya wajenzi kutoka nje. Sayansi ilikuwa imeshajibu, lakini kitabu ndicho kilichofika darasani.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Speke alidai kwamba wafalme wa nchi hizi, Rumanika akiwemo, walitoka Uhabeshi na walikuwa jamii bora iliyowatawala wengine. Wazo hilo likashikwa na wakoloni, na ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Rwanda, likatumika kuwagawa watu. Mwaka 1994 wilaya za Ngara na Karagwe zilipokea umati wa wakimbizi wa mauaji yaliyolishwa na mgawanyiko huo. Ndiyo maana swali la nani alijenga na nani alitoka wapi haliwezi kurukwa. Kisa kinachosomwa bila kuulizwa huzoeleka, na kikizoeleka huanza kuaminiwa.

7. Waulize wazee, na uulize vizuri

Baada ya kitabu nenda kwa watu. Usimpelekee mzee jibu la kitabuni ili alithibitishe. Muulize swali lililo wazi, kisha unyamaze: "Shikamoo mzee. Nimesoma habari za wageni waliokuja kwa Rumanika. Ninyi nyumbani mlisimuliwa nini juu ya siku zile?" Bibi wa miaka themanini huenda asijue jina la Speke, lakini akajua wimbo, jina la kilima, mwiko wa ng'ombe wa kifalme, au ukoo uliohusika na uhunzi. Muombe ruhusa ya kuandika, andika kwa Kinyambo, lugha ya Karagwe, kama alivyosema, na ufasiri baadaye.

Kisha linganisha. Masimulizi ya Karagwe yanamtaja Nono wa ukoo wa Basiita aliyetawala kabla Ruhinda hajaja na kuanzisha nasaba ya Bahinda. Mwanahistoria Israel Katoke aliyakusanya masimulizi hayo na kuyachambua katika historia ya ufalme wa Karagwe aliyoitoa mwaka 1975, kwa Kiingereza. Ukiipata, mzee wako na Katoke wakikubaliana, andika. Wakitofautiana, andika vilevile, na useme nani alisema lipi.

8. Ukisoma na watoto

Watoto wanapenda vitabu hivi, na hakuna sababu ya kuwanyima. Soma sura kabla yao. Ukikuta neno la dharau juu ya watu weusi, usiliruke kimyakimya, kwa sababu watalikuta peke yao siku nyingine. Lisome, simama, na uulize: "Nani anasema hivi? Angeambiwa yeye, angejisikiaje?" Majibu yao yatakutosha. Sura ya uwindaji wa tembo nayo ina mazungumzo yake. Pembe zilizouzwa kwa wafanyabiashara wa pwani waliokaa Kafuro, karibu na Bweranyange, zilibebwa mabegani hadi Tabora na baharini. Leo wilaya ya Karagwe na jirani yake Kyerwa zina hifadhi za taifa za Rumanyika na Ibanda, zilizotangazwa mwaka 2019. Waulize watoto Quatermain angepokewaje na askari wa hifadhi.

9. Usimalizie kwa mgeni

Msomaji aliyemaliza Haggard afungue mara moja kitabu ambacho msimuliaji wake ametoka upande wetu wa dunia. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip, yalisimuliwa naye mwenyewe kwa Kiswahili. Yana misafara, vita na pembe nyingi kuliko riwaya yoyote, na yana ukatili unaodai maswali yaleyale uliyomuuliza Haggard, kwa maana hata msafiri wa pwani alikuwa mgeni bara. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kilichotoka kwa Kiswahili mwaka 1980, hakisimuliwi na mgeni mwenye bunduki. Kinaonyesha maisha ya watu wa Ziwa Viktoria kwa ukaribu ambao hakuna msafiri aliyewahi kuufikia: jinsi ya kuoa, kulima, kuuguza na kupatana. Katika daftari lako, safu ya "anataka nini" itajaa kila mstari.

Hapo linganisha kurasa mbili za majina, ile ya Haggard na ile ya Kitereza. Mkiwa kikundi, mmoja ashike majina, wa pili ramani, wa tatu Speke, wa nne maswali ya wazee, na mkutane mara moja kwa wiki kuunganisha mlichopata. Mkimaliza, lisafisheni daftari, liandikeni kwa mwandiko unaosomeka, na mlipeleke maktaba ya shule likae rafu moja na riwaya. Atakayeazima Mashimo ya Mfalme Sulemani baada yenu aazime na daftari, asome ya Quatermain na ya Rumanika, na aongeze kurasa zake.